Nywila Ndani ya Nyumba Moja

Kompyuta ya nyumbani aghalabu hutumiwa na watu kadhaa. Mmoja wao anapofunga faili kwa nywila, huzuka swali la kimaadili: je, wanaoishi chini ya paa moja wana haki ya kufichana mambo?

Uislamu umeipa faragha nafasi hata baina ya watu wa nyumba moja. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inawataka hata watoto wasiobaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia walipo wakubwa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Udugu, basi, hauondoi hodi, na kufunga faili peke yake si dalili ya uovu.

Isitoshe, yaliyomo mara nyingi si ya mwenye kompyuta peke yake. Mwalimu mwenye alama za wanafunzi, au mweka hazina mwenye daftari la kikoba, ameshika amana za watu. Kwake kufunga ni wajibu. Wajibu huo hautimizwi na nywila ya kuwashia kompyuta tu. Diski isiyosimbwa huweza kuchomolewa, ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine, na mafaili yakasomwa bila nywila hiyo kuulizwa. Usimbaji hugeuza data yenyewe isisomeke pasipo ufunguo.

Ila kufuli imara haimtambui mrithi. Faili lililosimbwa vizuri, mwenye nywila akifa bila kumwachia mtu, huenda lisifunguke tena. Iwapo ndimo ilimo orodha ya wanaomdai, haki zao zimo hatarini, ilhali kwa sheria ya Kiislamu madeni ya marehemu hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Al-Baqara, aya ya 282, inaagiza deni liandikwe ili lithibitike. Yasiposomeka, maandishi hayamfai anayedai.

Kipimo cha siri, kwa hiyo, ni haki ya mwingine. Nywila inayositiri mambo binafsi au kulinda amana ni halali. Inayoficha deni au mali yenye haki ya mtu ni dhuluma. Mwenye kutimiza yote mawili, siri yake na haki ya mwingine, huiandika nywila, akaifunga katika bahasha na kumkabidhi mwaminifu pamoja na wosia.