Harufu ya Ndimu, Mvua ya Oktoba

Bwana mmoja wa ufukwe wa magharibi wa Kisiwa cha Vancouver, Kanada, alichagua mbegu ya bangi kwa pua. Alikuwa amenusa ua lililokaushwa la Super Lemon Haze, aina iliyotwaa tuzo ya Cannabis Cup huko Amsterdam mwaka 2008 na tena 2009, akasikia harufu ya ndimu iliyotoka kumenywa. Pua haikumdanganya. Limonini, mafuta yaleyale yaliyomo kwenye ganda la chungwa na la ndimu, hutengenezwa pia na vinyweleo vinavyong'aa juu ya ua la bangi. Sheria ya nchi yake, iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, ilimruhusu miche minne kwa kaya, na sheria ya jimbo lake ilitaka isionekane kutoka barabarani. Akapanda minne nyuma ya nyumba.

Kwetu Kenya na Tanzania kulima bangi ni kosa la jinai, wala sisimulii haya ili mtu akajaribu. Nasimulia kwa sababu kilichomkuta bwana huyu kinatuhusu hata sisi wa mahindi na karanga.

Hakuuliza asili ya mbegu yake. Ukoo wa Haze ulizalishwa California kutokana na mimea ya nchi za joto, kama vile Colombia na Thailand. Karibu na ikweta mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima, na mimea ya huko hukomaza maua polepole, wiki kumi au zaidi. Ukiipeleka kwenye latitudo ya 49 kaskazini, hungoja mpaka usiku urefuke, mwezi Agosti, ndipo ianze kuchanua. Hesabu wiki kumi kutoka hapo uone unaangukia wapi. Mji wa Tofino, ulio kwenye ufukwe wa bwana huyu, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara tatu ya Dar es Salaam, na Oktoba ndiyo mvua inapoanza kushika kasi.

Miche ilistawi. Mwishoni mwa Septemba maua yalikuwa yamenenepa na uwanja mzima ukinukia ndimu. Mvua ikaanza. Mkewe ndiye aliyeona kwanza: katikati ya ua kubwa kuliko yote, la kijani kibichi, kulikuwa na jani moja dogo limekauka na kugeuka rangi ya majani ya chai. Aliligusa tu, likang'oka bila kuvutwa.

"Baba, hili limeoza huku ndani."

"Ni jani moja, mama. Wiki mbili zaidi na yatakuwa yameiva."

Mke alipolipasua lile ua kwa vidole, ndani lilikuwa kahawia na laini, na vumbi la kijivu likaruka na kutua kwenye kucha zake. Hiyo ni *Botrytis cinerea*, kuvu ya kijivu, ileile inayowatesa wakulima wa waridi wa Naivasha, ambao maua yao huweza kuondoka shambani mazima na kufika Uholanzi yana madoa. Hupenda ubaridi na umande usiokauka. Huingilia penye kidonda, pengine tundu la kiwavi, ikala kuelekea nje. Ua lililoshikamana na kujaa, ambalo mkulima hujivunia, ndilo linalofungia unyevu ndani. Unapoona doa kwa nje, kazi imeshafanyika siku nyingi.

Mume akangoja zile wiki mbili. Siwezi kumhukumu kwa ukali, kwa sababu kila aliyewahi kulima anajua uchungu wa kung'oa kitu ulichokilea miezi mitano. Lakini kosa lake kubwa si hilo. Alipovuna, zaidi ya nusu ilikuwa imeoza. Akachukua mkasi, akakata sehemu za kijivu, akatundika zilizobaki kwenye banda lisilo na feni huku mvua ikipiga paa. Baadaye akazichanganya zote kwenye chupa za kioo. Zilinukia ndimu bado.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Kukata kilichooza na kutumia kilichobaki ni desturi ya karibu kila jiko na kila ghala ninalolijua, na kwa kuvu desturi hiyo huweza kuua. Mwaka 2004 Ukambani, Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu ile hutolewa na kuvu za jamii ya *Aspergillus*, na jamii hiyohiyo huota kwenye bangi iliyokaushwa vibaya. Kwa bangi hatari inaingia kwa njia nyingine, kwa sababu mvutaji hupeleka spora moja kwa moja mapafuni, na moto wa sigara hauziui zote. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa wa saratani ya damu, aliyepandikizwa uboho, aliyekufa kwa *Aspergillus* ya mapafu. Kuvu iliyopatikana kwenye bangi aliyokuwa akivuta ilifanana na ile ya mapafuni mwake. Mwaka 2017 watafiti wa California walipima sampuli 20 za bangi ya madukani, iliyouzwa kihalali, wakakuta kuvu na bakteria za kuwadhuru wenye kinga dhaifu. Mtu mwenye afya hupumua spora kila siku bila madhara. Aliye kwenye dawa za saratani hana askari wa kuzizuia.

Na jirani wa bwana huyu alikuwa kwenye dawa za saratani. Alikuwa akitapika, chakula hakikai, akaomba kidogo cha kutuliza tumbo. Akapewa chupa nzima, kwa moyo mweupe kabisa.

Homa ilianza kabla chupa haijaisha. Kisha kikohozi, kisha damu kwenye kikohozi. Hospitali ilipomuuliza alikuwa akivuta nini, mke wa yule mkulima ndiye aliyebeba chupa nyingine ya mavuno yale kuwapelekea, mumewe akimfuata nyuma. Daktari akataka kujua ni maua ya mche upi, na kama ulikuwa na ugonjwa. Mkulima hakuweza kujibu, maana alikuwa ameyachanganya yote.

Jirani alipona ile kuvu, baada ya miezi ya dawa kali. Lakini katika miezi hiyo ilibidi matibabu ya saratani yasimamishwe, na uvimbe haukusimama kuyangoja.