Waya Mmoja

Msomaji, kazi isiyoonekana na jicho la mtu yapasa ifanywe vema kwa ajili ya nani?

Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction mjini London, gari moshi lililojaa watu waendao kazini liligonga jingine lililosimama mbele yake. Watu 35 walikufa. Dereva hakukosa; taa za ishara zilimwonyesha kuwa njia i wazi. Wiki mbili kabla, fundi wa ishara aliuacha waya wa zamani bila kuukata wala kuifunga ncha yake. Baadaye ukagusa mahali pake pa kale, na taa ikasema uongo.

Utasema, fundi ndiye mwenye hatia. Ni kweli, lakini si kweli yote. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika wiki 13 alikuwa amepumzika siku moja tu, wala hapakuwa na mtu aliyeikagua kazi yake. Aliyechoka alikosa, je, aliyemchosha yu safi?

Basi wajibu una pande mbili. Mtenda kazi aifanye kazi ya gizani kama ya mchana. Msimamizi naye asimtwike mtu kupita nguvu zake, wala asiache kumkagua. Kukagua si kumdharau fundi, bali ni kumkinga na udhaifu ulio katika kila mwanadamu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa upya, uhai haujengwi. Abiria hamjui fundi, wala fundi hamjui abiria. Kwa ajili ya huyo usiyemjua, imalize kazi yako.