Haki ya Kuondoka na Wajibu wa Kuaga

Kila kazi inayofanywa na watu wengi pamoja ina siku yake ya kuagana. Siku hiyo huuliza maswali mawili: aondokaye anadaiwa nini na wanaobaki, na wanaobaki wanadaiwa nini naye? Maswali haya ni ya zamani, lakini katika wakati wetu yamepata kioo kipya katika michezo mirefu ya televisheni, na hasa ile ya mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Katika michezo hiyo shujaa hapenywi na risasi wala hashindwi na adui. Lakini mwigizaji avaaye vazi la shujaa hupatwa na uchovu, umri, na hamu ya kujaribu kazi nyingine. Hadithi yataka kuendelea, na mtu ataka kwenda zake. Katika mgongano huo mna jambo la kufikiriwa.

Na tutwae mfano mmoja. Smallville ni mchezo wa Marekani uliosimulia ujana wa Clark Kent kabla hajawa Superman. Ulianza kuonyeshwa mwezi wa Oktoba 2001, ukamalizika mwezi wa Mei 2011, baada ya misimu 10 na sehemu zaidi ya 200. Msimu wa kwanza ulikuwa na waigizaji wakuu 8. Eric Johnson alitoka katika safu hiyo baada ya msimu mmoja. Sam Jones III akatoka mwaka 2004. John Schneider, babaye Clark mchezoni, mwaka 2006. Annette O'Toole, mamaye, mwaka 2007. Mwaka 2008 wakatoka kwa mpigo Kristin Kreuk, aliyekuwa mpenzi wa shujaa, na Michael Rosenbaum, aliyekuwa Lex Luthor, rafiki aliyegeuka adui. Mwaka huo huo hata waandishi wawili walioubuni mchezo, Alfred Gough na Miles Millar, waliuacha. Katika wale 8 wakabaki 2 tu, Tom Welling na Allison Mack. Walakini jina halikubadilika, na mchezo ukaenda misimu mitatu mingine.

Wayunani wa kale walikuwa na fumbo juu ya merikebu ya Theseus. Plutarch aeleza kuwa Waathene waliitunza kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakabishana: je, ni merikebu ile ile, au ni nyingine? Ni rahisi kulichukua fumbo hili na kuupimia mchezo uliobadilisha watu wake. Lakini halitufikishi mbali. Ubao hauchoki kuwa ubao, hautamani bahari nyingine, wala haumwachi fundi kwa hiari yake. Mwigizaji aweza kuyafanya yote hayo. Basi swali letu si la chombo peke yake. Ni swali la haki ya mtu.

Wako wasemao kwamba mwigizaji aliyependwa ana deni. Watazamaji wamempa miaka yao na kulikuza jina lake. Akiondoka kabla hadithi haijaisha huhesabiwa kuwa msaliti. Hoja hii ina joto la mapenzi, lakini mizani yake haikukaa sawa. Mapenzi ya mtazamaji ni zawadi, na zawadi inayodai malipo imegeuka kuwa biashara. Na kama ni biashara, hesabu yake ilikwisha kufungwa: mwigizaji alitoa kazi yake, mtazamaji akapata furaha yake, wala hakuna baki. Husemwa, mla ni mla leo, mla jana kala nini. Hayo ndiyo maneno ya wasahaulifu, wamhukumuo mtu kwa sehemu chache asizocheza, wakasahau mia na zaidi alizocheza.

Iko hoja nyingine nzito kuliko hiyo. Mchezo ni riziki ya watu. Nyuma ya sura moja inayoonekana wapo maseremala, washonaji, wapiga picha, madereva na wapishi wasioonekana. Nguzo moja ikiondoka, paa laweza kuwaangukia wengi. Hapana budi kuiheshimu hoja hii. Yamlazimu mtu atimize muda alioahidi, na atoe habari mapema ili wenziwe wajipange. Lakini haiwezi kumfunga daima. Tukisema kuwa mwenye kutegemewa hana ruhusa ya kuondoka, tumesema pia kuwa kadiri mtu azidivyo kuwa bora ndivyo azidivyo kuwa mfungwa. Mvivu atakwenda zake bila kuulizwa, na hodari atazuiliwa kwa uhodari wake. Malipo ya kazi njema yatakuwa mnyororo.

Sheria iliwahi kuliona jambo hili. Katika jimbo la California, mkataba wa utumishi wa mtu haushikizwi kwa nguvu kupita miaka 7. Mwaka 1943 mwigizaji Olivia de Havilland aliishtaki kampuni ya Warner Bros., iliyokuwa ikimsimamisha alipokataa nafasi asiyoitaka, kisha ikaziongeza siku hizo mwishoni mwa mkataba wake. Mwaka 1944 mahakama ya rufani ya jimbo ilikata kuwa miaka 7 ni miaka 7 ya kalenda, wala haivutwi kama mpira. Shauri lile lilihusu filamu, lakini msingi wake wafaa hapa pia: kazi ya mtu yaweza kukodiwa, mtu mwenyewe hakodiwi.

Walakini haki si mwisho wa maadili. Mgeni ana haki ya kutoka nyumbani kwa rafiki yake wakati wowote. Lakini akitoka kimya bila kuaga, ingawa hakuchukua kitu, ameacha uchungu. Ndivyo ilivyo hapa. Kreuk alirudi kwa sehemu chache katika msimu uliofuata, na kisa cha mhusika wake kikapata hitimisho. Rosenbaum alirudi mwaka 2011 katika kisa cha mwisho, Lex na Clark wakakutana tena ana kwa ana. Hakuna awezaye kusema kuwa iliwapasa kubaki milele. Lakini kurudi kwao kulikuwa na wema ambao hakuna mkataba uwezao kuukadiria.

Wanaobaki nao wana wajibu. Katika Adventures of Superman, mchezo wa miaka ya 1952 hadi 1958, Phyllis Coates alikuwa Lois Lane katika msimu wa kwanza. Msimu wa pili akaja Noel Neill kwa jina lile lile na sura nyingine, kana kwamba hapakutokea kitu. Katika Smallville, baada ya Rosenbaum kuondoka, Lex alionyeshwa kwa mwili wa mtu mwingine, uso umefichwa. Katika Batwoman, Ruby Rose alipoondoka mwaka 2020 baada ya msimu mmoja, vazi lilichukuliwa na mhusika mpya, Ryan Wilder, aliyechezwa na Javicia Leslie. Njia hii ya tatu naiona ya heshima kupita zile mbili. Inakiri kwamba nafasi ni kitu kimoja na mtu ni kingine. Ajaye hapewi jina la mwenziwe ajifiche ndani yake, na aliyekwenda hafanywi kama hakuwako.

Na mtazamaji? Ana ruhusa ya kuhuzunika, kwani kuzoea ni aina ya kupenda. Ila huzuni yake si hati ya mashtaka. Kila chenye mwanzo kina mwisho, na hadithi isiyotaka kuisha humtaka mtu asiye na mwisho, naye hajazaliwa.

Neno hili halikai katika televisheni tu. Vyuo, ofisi na vyama vyetu vina watu ambao bila wao twadhani hapatakalika. Siku yao ya kwenda itafika. Wakimaliza muda wao na kutuaga, tusiwaite wasaliti. Na akija mgeni akauliza ni nani aliyekuwa akikalia kiti hiki, tulitaje jina lake.