Chipukizi la Chini ya Kifundo

Masomo: Warumi 11:17–24, Mathayo 13:24–30



Mbele ya nyumba yangu hapa Ngara pana miwaridi michache. Wapitao njia husema yote ni mamoja. Lakini mtunzaji huujua kila mmoja kwa alama zake. Mmoja hutoa ua lenye petali tano tu, mwingine petali nyingi zilizosongamana. Mmoja hunukia sana, mwingine haunukii hata kidogo. Tena miiba hupitana, na majani hupitana.

Ulionipendeza kuliko yote ni ule niliopewa zawadi, wa aina iitwayo Peace, maana yake Amani. Aina hiyo ilizalishwa na Mfaransa Francis Meilland, nayo ikapewa jina hilo mwaka 1945, vita kuu ilipokuwa ikielekea mwisho. Ua lake ni kubwa, la manjano, na kingo zake zina wekundu hafifu.

Basi, miwaridi ya namna hii mara nyingi haisimami juu ya mizizi yake yenyewe. Mkulima hutwaa jicho la mwaridi mwema, akalipandikiza katika shina la mwaridi wa mwitu, kwa kuwa mizizi ya mwitu ina nguvu. Mahali pa kupandikizwa hubaki kifundo. Kitokacho juu ya kifundo ni mwaridi mwema. Kitokacho chini yake ni mwitu.

Mwaka mmoja, mvua zilipoanza baada ya kiangazi, niliona tawi refu la kijani limesimama katikati ya mti. Nikafurahi, nikidhani kwamba mti umepata nguvu. Vijani vyake vilikuwa vidogo, saba katika kikonyo kimoja, mahali pa vitano nilivyozoea kuviona, lakini sikujali. Kisha yakaja maua madogo meupe. Jirani akaniambia, “Mchungaji, ua lako limegeuka.” La, halikugeuka. Lilikuwa likifa njaa, maana mwitu ulikuwa ukila chakula chake.

Nikatwaa kisu, nikakata usawa wa udongo. Baada ya majuma machache yakatoka machipukizi matatu. Ndipo mama mmoja mzee wa usharika wetu alipopiga magoti, akafukua udongo kwa vidole mpaka mzizini, akalishika kila chipukizi na kuling'oa pale lilipoanzia. Akasema, “Baba, wewe ulikuwa ukilinyoa tu.”

Neno hilo lilinichoma moyo. Je, si hivyo tufanyavyo? Ndugu wawili hugombania mpaka wa shamba. Wazee huwapatanisha, hupeana mikono, hushiriki Meza ya Bwana. Lakini chini ya udongo kinyongo ki hai, na mvua ya kwanza hukiamsha. Katekisimo yatufundisha kwamba mtu wa kale hana budi kufishwa kila siku kwa majuto na toba. Haikusema anyolewe.

Sisi watu wa Ngara tuliona mwisho wa jambo hili kwa macho. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja. Wengi wao walikuwa wamebatizwa. Na wengi waliouawa nyuma yao walikuwa wamebatizwa vilevile. Tusijivune kana kwamba mizizi yetu ni mingine. Nasi tulipandikizwa kwa neema tu.

Lakini sikilizeni kosa langu la pili. Baada ya kufundishwa nilijaa bidii, nikang'oa kila chipukizi lililotoka ardhini katika bustani yote. Kumbe mwaridi mmoja ulioteshwa kwa kipande cha tawi, hauna kifundo. Kitokacho mzizini mwake ni chema kama mti wenyewe. Niling'oa maua ya mwaka uliofuata.

Kwa hiyo ninyi walimu na wazee wa Ngara na Biharamulo, msiwe wepesi wa kusema, “Huyu ni wa ng'ambo,” au, “Ukoo wake twaujua.” Jani laweza kutudanganya, hata idadi ya vijani si kanuni ya daima. Fuateni tawi mpaka lilipoanzia, na kama hamjui, ngojeni ua. Bwana wa shamba aliwazuia watumishi wake wasing'oe magugu, ngano nayo isije ikaangamia. Ukali wa vidole na uanze katika udongo wako mwenyewe.

Muhuri wa Dk. Martin Luther, alioueleza katika barua ya mwaka 1530, ni waridi jeupe. Ndani yake moyo mwekundu, na ndani ya moyo msalaba mweusi. Tazameni, msalaba hauko pembeni mwa petali. Uko ndani kabisa. Kristo na aufikishe huko ndani yetu, pale kisu chetu kisipofika.

Amina.