Uliona, Ukanyamaza?

Masomo: Mambo ya Walawi 14:33-45, Kumbukumbu la Torati 22:8



Leo naanza kwa kuungama. Wengi mmesikia kwamba akina baba na vijana wetu walitumia Jumamosi tatu kumjengea upya jirani yangu deki yake, ile baraza ya mbao iliyo nyuma ya nyumba. Mmenipongeza mlangoni mwa kanisa. Lakini kuna sehemu ya habari hii ambayo sikuwaambia.

Jirani huyu ni bibi Mwaustralia, mjane, anayeishi peke yake. Tulipohamia mtaa wetu huku magharibi mwa Sydney, yeye ndiye aliyekuja kwanza kubisha mlango, na keki mkononi. Watoto wangu wanamwita Bibi. Mnakumbuka mwaka 2022 mvua ilivyokataa kukatika. Sydney ilipata zaidi ya milimita 2,500, kiasi ambacho mji huu haukuwahi kukipima katika mwaka mmoja. Baada ya mvua zile alinialika chai. Nilipokanyaga karibu na mlango wake, ubao ulibonyea kama mkate uliolowa. Nikahamisha mguu, nikakanyaga pengine, nikanywa chai yangu.

Kwa nini sikusema? Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni katika nchi ya watu, na mgeni hatoi kasoro nyumba ya mwenyeji. Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Mwaka uliofuata akaipaka deki rangi mpya, ikapendeza. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Miezi michache baadaye ubao ule ule ulikatika, mguu wake ukazama, akaanguka na kuvunjika mkono. Alikaa pale chini akiita mpaka mke wangu alipomsikia.

Nilipokwenda kumtazama hospitalini aliniambia, "Sikujua kabisa kwamba umeoza." Wapendwa, mimi nilijua.

Ndipo nikarudi kwenye Walawi 14, sura ambayo wengi tunairuka. Mungu anawaambia Israeli mambo ya nyumba zao watakapofika katika nchi mpya. Nyumba yaweza kupata pigo ukutani, madoa ya kijani au mekundu yanayoingia ndani. Tazameni mambo matatu.

La kwanza, mwenye nyumba aende kwa kuhani aseme kwamba anaona kitu kinachofanana na pigo. Hatakiwi kuwa na hakika, wala kuwa mtaalamu. Anatakiwa kusema alichokiona. Mimi nilingoja niwe na hakika, na hakika ilipokuja ilikuja na mkono uliovunjika.

La pili, kabla kuhani hajaingia kukagua, anaamuru vyombo vyote vitolewe, visije vikahesabiwa kuwa najisi. Oneni huruma hiyo. Mungu anataka ubovu ujulikane, lakini hataki mwenye nyumba apoteze sufuria zake. Tukimwambia mtu ukweli, tulinde kwanza kile ambacho bado ni kizima kwake: heshima yake, jina lake, watoto wake.

La tatu, mawe yenye pigo yanatolewa, lipu inakwanguliwa, vyote vinatupwa nje ya mji, na mawe mapya yanawekwa. Pigo likirudi, nyumba yote inabomolewa.

Hili la tatu tulilishika kwa mikono yetu. Siku ya kwanza sisi wenye haraka tulitaka kubadilisha mbao mbili tu za juu. Ndugu yetu fundi, mwenye leseni ya kazi hii, alitusimamisha. Alichukua bisibisi akachoma mbao za chini, zile zinazobeba. Ikazama mpaka mpini. Maji yalikuwa yakituama juu yake kwa miaka, na ile rangi nzuri ilikuwa imeyafungia humo. Alisema, "Mchungaji, ubao wa juu unakuonyesha tu. Ugonjwa uko chini." Basi tukang'oa yote. Baadhi ya mbao za zamani zilikuwa zimetiwa dawa yenye arseniki, kwa hiyo vijana waliotaka kuzichomea nyama walikatazwa. Zilipelekwa jalalani, nje ya mji kama ilivyoandikwa.

Mpya tukazijenga kwa mbao zilizotiwa dawa ya kustahimili mvua, na kati ya ubao na ubao tukaacha nafasi ili maji yapite. Kwa kuwa deki imeinuka zaidi ya mita moja, mwanawe aliuliza kwanza halmashauri ya mji, na fundi akaweka kizuizi pembeni. Kanuni za hapa zinataka kisipungue mita moja kwenda juu, na nafasi zake zisipitishe mpira wa milimita 125, mtoto asije akapenya. Wengine walinung'unikia kanuni hizo. Lakini someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu alikwisha kuagiza kwamba ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Upendo kwa jirani una vipimo.

Nilimwambia Bibi ukweli kabla hatujapigilia msumari wa kwanza, kwa maana sikutaka kazi yetu iwe rangi juu ya ubao wangu uliooza. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Siku nyingine niambie." Akaenda kuweka birika motoni.

Wapendwa, tunakanyaga mbao laini kila wiki. Kijana wetu anacheza kamari kwenye simu, nasi tunasema ni ujana. Dada amekuja ibadani amevaa miwani ya jua, nasi tunasifia gauni lake. Mzee amekonda, nasi tunamwambia amependeza. Tunaita hiyo adabu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao hawakusema ufa wa nyumba yako tu.

Wala tusijifiche nyuma ya ugeni. Yeremia 29 iliandikiwa watu waliokuwa mbali na kwao, nao waliambiwa wautafutie amani mji waliopelekwa. Mtaa unaokaa ni mtaa wako.

Wiki hii, kila mmoja amtaje mbele za Mungu mtu mmoja ambaye umeona jambo lake ukanyamaza. Nenda kwake faraghani, kwa upole, useme ulichoona. Kisha usiondoke. Chukua nyundo ukae naye.

Tuombe. Bwana, utusamehe kimya chetu. Utufungue kinywa, utupe na mikono. Kwa jina la Yesu. Amina.