Mpaka Waliukuta Wapi?

Nilipokwenda Isecheno Desemba, nilimwonyesha shosho ramani ya zamani niliyokuwa nayo kwenye simu, ile ya 1:50,000, ambapo sentimita moja ni mita 500. Nilidhani atafurahi. Hapa ni mto Yala, nikamwambia, huu wa buluu. Hii mistari ya kahawia inayobanana ni kilima cha Liranda kinavyopanda. Akaweka kidole pembeni mwa rangi ya kijani.

"Na huu?"

"Mpaka wa msitu, shosho."

"Mto waliukuta. Huu waliukuta wapi?"

Nimerudi Nairobi na swali hilo. Mpima ardhi aliukuta mto, akakikuta kilima, na hata angetaka asingevisogeza. Mpaka uliamuliwa: msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa wa kuhifadhiwa mwaka 1933. Lakini kwenye karatasi vyote ni wino, na karatasi haikuambii kipi kilikuwepo na kipi kiliagizwa. Mwanamke aliyekuwa akiokota kuni akawa mwizi bila kubadilisha njia.

Tena mistari yenyewe ilikuwa inachagua watu. Sheria ya 1930 iliwaahidi Waafrika kwamba ardhi waliyotengewa ingekuwa yao daima. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, na kufikia mwisho wa 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi ichukuliwe kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Kwa dhahabu mstari ulipinda. Kwa kuni, wapi!

Ningependa kuishia hapo, nikasirike vizuri. Shida ni kwamba nimepanda Liranda alfajiri, kama wewe, nikapiga picha za ukungu. Ukiwa juu unaona: huku mahindi, chai na mabati, kule miti na mbega. Wapo wanaosema miiko ya wazee ingetosha kuulinda msitu. Sidhani, si kwa idadi yetu ya leo. Kwa hivyo sitaki mpaka ufutwe, na hilo linaniuma, kwa sababu shosho aliwahi kulala ndani usiku mmoja kwa mzigo wa kuni kavu. Msitu ninaoufurahia aliulipia yeye, na hakuna aliyemuuliza kama bei inamfaa. Kumwambia "lakini si unaona mbega" ni kumwonyesha mtu kitu ulichonunua kwa pesa zake.

Siku ile, kabla ya kunirudishia simu, aliniambia nikuze picha. Alikuwa anatafuta kijia chake cha kuni. Hakikuwepo.

"Basi huyu hakupita hapa," akasema, akarudi kwa maharagwe yake.