Kijiji cha Hermannsburg, na Mlango Uliofungwa Pwani Yetu

Somo: Matendo ya Mitume 16:6-10



Somo letu latuambia ya kuwa Mtume Paulo alitaka kulihubiri Neno katika Asia, akakatazwa na Roho Mtakatifu. Akajaribu kuingia Bithinia, na huko pia hakupewa ruhusa. Ndipo aliposhuka Troa, akaona usiku mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie. Nataka tulitazame neno hili katika habari za kijiji kimoja kidogo cha Ujerumani, maana habari zake zaifikia pwani yetu wenyewe.

Kijiji hicho ni Hermannsburg. Kipo upande wa kaskazini wa Ujerumani, kando ya mto mdogo uitwao Örtze, kaskazini ya mji wa Celle. Nchi yake yaitwa Lüneburger Heide, nayo ni nchi ya mchanga, yenye vichaka vifupi vya maua ya zambarau. Udongo wake hauna rutuba nyingi. Zamani watu wake walijipatia riziki kwa kondoo wenye manyoya ya kijivu, na kwa mizinga ya nyuki, na kwa kulima kwa taabu. Mtu apitaye angalisema, Hapa hapana kitu.

Mwaka 1849 Louis Harms aliwekwa kuwa mchungaji wa kijiji hicho baada ya baba yake kufa. Jioni aliwakusanya watu, akawasimulia mambo ya Mungu kwa lugha yao ya nyumbani, wala si kwa Kijerumani cha vitabu tu, hata mkulima na mtumishi wakafahamu. Basi vijana wa mashamba wakaja kwake wakisema, Tutume sisi. Mwaka ule ule akafungua nyumba ya kuwafundisha, na wanafunzi wa kwanza walikuwa 12. Ndugu yake Theodor akawa mwalimu wao.

Watu wa kijiji hawakungoja matajiri wa mijini. Wakatoa walichokuwa nacho, nao marafiki wa mbali wakawasaidia, hata mwaka 1853 merikebu ikajengwa Harburg, ikaitwa Candace, kwa jina la yule malkia wa Kushi ambaye towashi wake alibatizwa na Filipo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ikatweka, imewachukua wamisionari 8 na walowezi 8, watu wa jembe na wa kazi za mikono. Nia yao ilikuwa kuwafikia Waoromo, kwa njia ya pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1854 wakafika pwani hii, hata Mombasa. Lakini wenye mamlaka hawakuwapa ruhusa ya kupita kwenda bara. Fikirini, ndugu, huzuni ya watu wale. Sadaka za wajane zimo katika merikebu ile, na maombi ya kijiji kizima, nao wamesimama mbele ya mlango uliofungwa. Je, Mungu aliwadanganya?

Wakageuza merikebu, wakaenda kusini mpaka Natal. Huko mwaka ule ule wakajenga kituo, wakakiita Hermannsburg kwa jina la kwao, wakawahubiri Wazulu. Kisha kazi ikaenea hata kwa Watswana. Mchungaji Harms alikufa mwaka 1865, asiione Afrika kwa macho yake. Lakini kijiji hakikuwasahau Waoromo. Mwaka 1928 wamisionari wa Hermannsburg walianza kituo huko Aira, magharibi ya Ethiopia, katika nchi ya Waoromo wenyewe. Ilikuwa imepita miaka 74 tangu Candace kurudishwa. Na leo sharika za huko zimo katika Kanisa la Mekane Yesus, kanisa kubwa la Waafrika wenyewe.

Basi tujifunze nini? Kwanza, tusiseme, Usharika wetu ni mdogo, sisi tu maskini, na watume wengine. Neno hili lasikiwa sana katika vikao vya wazee, nalo lafanana na unyenyekevu. Lakini mara nyingi ni mlango tuufungao kwa mikono yetu. Mungu hakuuliza Hermannsburg ina rutuba kiasi gani.

Pili, ninyi waalimu, mfundisheni mtu kwa lugha aisikiayo moyoni. Neno lisilofahamiwa halimtumi mtu.

Tatu, mlango ukifungwa, tusikimbilie kusema Mungu amekataa kazi yetu. Pengine jirani amekataa kukusikiliza. Pengine mtoto wako ameiacha njia, nawe umemwombea miaka mingi. Mlango mmoja Bwana aufunga ili kutuongoza penginepo. Mwingine aufunga kwa muda, naye ana saa yake. Kwetu si kuijua saa hiyo. Kwetu ni kufanya kazi mahali tulipofikishwa, kama wale wa Natal, na kuendelea kuomba kwa ajili ya mahali tulipokatazwa. Waliotweka Oktoba ile hawakuyaona mavuno ya Aira. Lakini walipanda kwa imani, na Bwana hakuisahau mbegu yao.

Bwana wa mavuno awatie nguvu, na amani yake ikae nanyi nyote. Amin.